Zelie, Fungua Dirisha

Mkungu wa ndizi ulimshukia Sosthene Populus begani kabla hajasimama sawasawa. Akayumba, akaegemea ubavu wa meli, akajiweka sawa. Mvua ya asubuhi ilikuwa imezifanya mbao za gati kuteleza kama zilizopakwa sabuni. Mbele yake na nyuma yake wanaume weusi walikwenda kwa mstari mmoja, kila mtu na mkungu wake mbichi, kutoka tumboni mwa meli hadi kwenye mabehewa, na aliyezubaa alisukumwa na wa nyuma yake. Buibui mwenye manyoya alitoka katikati ya ndizi akamtembea shingoni. Sosthene alimwacha apite. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Msimamizi wao, mzungu mmoja mwekundu aliyeitwa Dolan, alikaa juu ya kasha chini ya mwavuli, akiimba. Aliibinua midomo na kuikwaruza sauti ili aonekane anawaigiza weusi.

*Lizi, Lizi, fungua dirisha,*
*mumeo kalala, ni zamu yangu…*

Mguu wa Sosthene ulikosea ubao. Maneno hayo hakuwahi kuyasikia, lakini sauti iliyoyabeba aliijua kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Ilipanda mara mbili kama mtu anayekwea ngazi, ikasita, kisha ikashuka kwa kuchelewa kidogo, pale ambapo sikio lilishakata tamaa ya kuingoja. Kusita kule hakukuwa kwa mtu mwingine. Kulikuwa kwake.

Aliporudi kuchukua mkungu mwingine, alipunguza mwendo mbele ya kasha.

"Bosi, samahani. Huo wimbo umeupata wapi?"

"Kwenye santuri, boi. Kwani kwako huna santuri?" Dolan aliwatazama wengine, nao wakacheka kidogo, kama walivyozoea kucheka bosi akitania. "Ni wa Emmett Kreider na Majogoo wake. Kijana wa hapahapa New Orleans, sasa anaimbwa mpaka New York. Haya, sogea, unaziba njia."

Sosthene akasogea. Siku nzima alibeba ndizi, na siku nzima Dolan aliimba.

Zelie alikuwa mke wake. Alikufa kwa kifua, katika vyumba viwili vya Mtaa wa St. Philip, mwaka mmoja kabla ya Vita Kuu. Katika wiki zake za mwisho hakutaka chakula wala padri, alitaka dirisha. "Fungua dirisha, Sosthene, nisikie watu." Mama yake, Bi Aspasie, aliamini upepo ndio unaomla mwanawe, akalifunga. Sosthene akalifungua. Walilifungua na kulifunga hivyo, mkwe na mama mkwe, bila kusemeshana, mpaka mgonjwa alipowaondolea ugomvi huo.

Baada ya maziko Sosthene alikuwa akichukua tarumbeta lake, anakaa kwenye ngazi za mlangoni, na sauti ile ikawa inamjia. Aliipa jina la maneno yale ya Zelie. Bendi yake iliipiga polepole walipowasindikiza watu makaburini, na kwa furaha waliporudi, kama ilivyo desturi ya mji. Waliipiga pia kwenye mabanda ya dansi kando ya ziwa, na huko ndiko Kreider alikoisikia.

Wakati huo Kreider alikuwa kijana mwembamba, mtoto wa muuza magodoro, aliyesimama nje ya uzio na tarumbeta lake kwenye mfuko wa gunia. Alileta tumbaku. Alileta bia. Alisema tafadhali. Mzungu kumwambia mtu mweusi tafadhali lilikuwa jambo la kuhadithiwa, na Sosthene alilihadithia. Akampigia tena wimbo ule kipande kimoja kimoja, taratibu, huku kijana yule amefumba macho na midomo inamcheza. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na Sosthene alimpenda.

Bi Aspasie aliuza vitumbua vya mchele karibu na kanisa kuu, vya moto, vimenyunyiziwa sukari. Jioni ya siku ile ya Dolan alirudi nyumbani na kapu nusu limejaa. Akaliweka mezani, akakaa bila kuvua kilemba.

"Wamenunua?" Sosthene aliuliza, ingawa aliona.

"Wamenitaka niwaimbie," alisema. "Vijana wa kizungu, na vitabu vyao kwapani. Wameniambia, bibi, tuimbie Lizi, tutanunua kapu zima. Nikawaambia siujui. Wakaniimbia wao. Lizi anafungua dirisha, mwanamume anaingia. Anafungua tena, anaingia wa pili. Mume anaamka, suruali yake imeshatupwa nje." Alikuwa akizungumza bila kupandisha sauti. "Sikujua ni nani, mpaka sauti iliposhuka pale mwisho. Hapo nikamjua mwanangu."

Sosthene akalifunika kapu kwa kitambaa.

"Umemuuza Zelie kwa tumbaku, mkwe wangu."

"Sikumuuza, mama. Nilimfundisha mtu muziki."

"Basi amehitimu."

Tangu siku hiyo hakumwekea tena chakula mezani. Alipika, akala, akafunika kilichobaki. Sosthene akitaka alijipakulia mwenyewe maharage na wali, akala amesimama. Bi Aspasie hakumnunia. Alimtazama tu, kama mtu anayesubiri fundi amalize kazi aliyoiharibu. Na sauti ile ikaenea mjini kama harufu ya molasi. Waliipiga mluzi vinyozi, waendesha magari ya barafu, polisi. Kwenye dirisha la duka moja la Mtaa wa Canal karatasi za wimbo zilitundikwa, zimechorwa mwanamke mweusi mwenye midomo kama soli za viatu, matiti yamelala juu ya kizingiti cha dirisha. Chini yake jina la Kreider, kwa herufi za dhahabu.

Sosthene alimwendea mwanasheria wa mtaani kwao, mtu wa rangi yao, mwenye ofisi juu ya duka la majeneza. Mwanasheria alimsikiliza kwa adabu, akamweleza kwamba sheria humtambua aliyepeleka karatasi za wimbo Washington kuusajili, si aliyepuliza, na kwamba katika mji huu hakuna baraza la wazee wa mahakama litakaloamini kuwa mzungu amemwibia mweusi kitu kinachotoka mdomoni. Akamsindikiza mpaka kwenye ngazi.

Mwezi Agosti magazeti yakaandika kwamba Kreider anarudi nyumbani, kupiga dansi katika hoteli kubwa kuliko zote mjini. Sosthene akapiga moyo konde. Akavaa suti yake ya bendi, akaenda hotelini kwa mlango wa nyuma, akasimama jikoni kati ya wanawake wanaomenya kamba, akamtuma mhudumu anayemfahamu. Hakutegemea kama angekuja. Kreider alikuja, tena mbiombio, shati la hariri, nywele zinang'aa.

"Sosthene, mzee wangu," alisema, akamshika mkono mbele ya wapishi wote. "Bado unapuliza?"

"Napuliza. Na ndizi nabeba."

"Mji huu hauna shukrani. Ningekuwa na uwezo ningekuchukua Chicago." Akampa sigara kubwa. Sosthene aliipokea kwa sababu ilikuwa imeshafika mkononi mwake.

"Bwana Kreider, sikuja kudai kitu. Nimekuja kuhusu yale maneno. Yule ni mke wangu. Alikufa. Yatoe maneno yale, uurudishe wimbo kwa jina lake. Hayo tu."

Kreider alimtazama kwa huruma ya kweli. Hilo ndilo Sosthene alilokuja kulichukia zaidi baadaye.

"Jina si nimelibadilisha? Zelie, Lizi. Nani atajua?"

"Mama yake anajua."

"Watu wametoka vitani, Sosthene, wanataka kucheka. Mimi mwenyewe maneno sikuyaandika, yameandikwa New York. Na hata ningetaka, wimbo si wangu peke yangu sasa. Kuna kampuni."

"Lakini nimeutunga mimi."

"Kutunga," Kreider alisema polepole, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Unajua kusoma noti?"

"Unajua kwamba sijui."

"Basi. Ulikuwa unapuliza, na ulikuwa unapuliza vizuri, kila mtu nitamwambia. Lakini ndege naye anaimba vizuri. Umewahi kusikia ndege anaitwa mtunzi?" Akacheka, akampigapiga begani, palepale mikungu ilipomchubua. "Vuta sigara yako, mzee wangu. Mungu anakuona."

Wanawake wa jikoni waliinamia kamba zao. Sosthene alitoka nje, akaisaga sigara chini ya kiatu mpaka ikawa vumbi, na hapo kwenye kichochoro cha mapipa ya taka, huzuni aliyokuwa nayo tangu siku ya Dolan ikageuka kitu kingine. Ilitulia. Alitembea mpaka nyumbani bila kuhisi jua, akamwambia Bi Aspasie ampakulie chakula. Mama yule akamtazama usoni, akampakulia.

Njama aliila na Gaspard Dejoie, mpiga tromboni wake, mtu wa miraba minne aliyefanya kazi ya kupiga lipu. Mjini kulikuwa na desturi: bendi ikitaka kutangaza dansi yake, Jumapili ilipanda gari la samani linalokokotwa na nyumbu, ikazunguka mitaani ikipiga. Magari mawili yakikutana kwenye pembe, bendi zilipigana kwa vyombo, na watu waliamua mshindi kwa kelele. Ili anayeshindwa asitoroke, vijana waliyafunga magurudumu kwa mnyororo. Aliyeshindwa kwenye mnyororo hakupata wachezaji wiki nzima, na jina lake lilikuwa la mzaha kwa vinyozi.

Kreider, kwa ajili ya picha za magazeti, angepita na gari Jumapili kama zamani.

"Gurudumu la mzungu halifungwi," Gaspard alisema. "Sosthene, mwaka huu wazungu wanachoma watu weusi. Husomi magazeti?"

"Sitamgusa. Sitamtukana. Nitapiga tu."

"Na mnyororo?"

"Mnyororo ni wa kumsaidia asikilize mpaka mwisho."

Gaspard alifikiri sana, akipangusa chokaa kwenye kucha zake. Akasema yeye ana watoto. Kisha akasema tromboni la Kreider linapigwa na mpuuzi mmoja anayelia kama ng'ombe ili watu wacheke, na kwamba jambo hilo limekuwa likimkera tangu asikie santuri. Mnyororo aliuleta yeye.

Jumapili ile, baada ya misa, magari mawili yalikutana pembeni mwa Mtaa wa Rampart. La Kreider lilikuwa na mapazia mekundu na jogoo wa karatasi kwenye paa. Weupe walilifuata kwa magari na kwa miguu. Weusi walijaa upande wa pili, wengine wametoka kanisani na misalaba shingoni. Kabla mwendesha nyumbu wa Kreider hajaelewa, Gaspard alishainama na kunyanyuka, na magurudumu ya nyuma ya magari yote mawili yalikuwa kitu kimoja.

Ukimya ukapita, wa aina inayotangulia ngumi. Kreider ndiye aliyeuvunja. Alicheka, akavua kofia, akawaambia watu wake kwamba huu ni mchezo wa nyumbani na hawezi kuukimbia. Alijiamini. Waandishi walikuwa wanatazama.

Akapiga Lizi. Aliipiga kwa kasi, safi, hakuna noti iliyokosea, na tromboni lake likalia kama ng'ombe, klarineti ikawika kama jogoo, weupe wakashika mbavu. Hata weusi kadhaa walicheka. Sosthene aliwaona, akawasamehe. Wimbo ulikuwa wake, na alijua jinsi unavyokamata.

Zamu yake ilipofika hakupiga mguu chini kuhesabu. Aliinua tarumbeta akaanza peke yake, polepole, mwendo wa kusindikiza maiti. Ilikuwa sauti ileile waliyotoka kuichekea. Mwanamke mmoja wa kizungu aliendelea kucheka kidogo, kisha akatazama huku na huku, akanyamaza. Gaspard akaingia kwa chini, bila ng'ombe, akimshika kama unavyomshika mjane kiwiko. Ilipanda mara mbili, ikasita. Sosthene aliiacha isite mpaka watu wakaacha kupumua. Ikashuka.

Bi Aspasie alikuwa amesimama ukingoni mwa njia, kapu mkononi, kilemba cheupe. Hakuna aliyemwambia aje.

Hapo ndipo Sosthene alipofanya jambo ambalo hakulipanga. Wimbo ule ulikuwa na sehemu ya mwisho ambayo hakuwahi kumfundisha mtu. Hakuipiga ziwani wala kwenye maziko ya wengine. Aliipiga Siku ya Watakatifu Wote, kaburini kwa Zelie, wakati Bi Aspasie analipaka chokaa. Kreider hakuijua, na kwenye santuri haikuwepo. Sosthene alitaka ammalize mtu yule, amwonyeshe mbele ya mji mzima kwamba alichoiba ni mlango tu, nyumba hajawahi kuingia. Akaipiga. Haikupanda. Ilizunguka noti tatu za chini, kama mtu anayetafuta komeo gizani, ikazipata, ikafunguka.

Alipoirudia mara ya pili alimtazama adui yake. Majogoo walikuwa wameshusha vyombo. Kreider aliketi ukingoni mwa gari, kichwa kimeinama, macho amefumba, na midomo inamcheza. Sosthene akaona amemvunja. Raha aliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko yoyote aliyoijua tangu ndoa yake, na kwa sababu ya raha hiyo akairudia mara ya tatu, taratibu zaidi, asikose kitu.

Kelele zilizofuata zilitoka pande zote mbili za mtaa. Bi Aspasie hakupiga makofi. Aligawa vitumbua, kimoja kimoja, kwa waliokuwa karibu naye, bure.

Polisi walingoja mpaka gari la Kreider likafunguliwa na kuondoka na watu wake. Wakamshusha Sosthene, wakamshusha Gaspard. Kituoni sajenti mmoja, asiye na hasira yoyote, alilishika tarumbeta akalitazama, akauliza, "Unapulizia wapi hapa?"

Sosthene akamwonyesha.

"Na wewe unapulizia wapi?"

Sajenti akajitafutia mwenyewe, kwa rungu. Meno ya mbele ya juu yalitoka mara moja; ya chini yalihitaji pigo lingine.

Hakimu alimsikiliza kwa muda mfupi kuliko kuvuka barabara. Alimuuliza kama ni kweli alifunga gari la mtu kwa mnyororo kwenye njia ya umma. Sosthene, kitambaa mdomoni, alijaribu kueleza habari za wimbo.

"Sikuuliza habari za wimbo," hakimu alisema. "Lakini mimi mwenyewe naupenda." Watu mahakamani wakacheka. Gaspard alipata mwezi mmoja, kwa ajili ya watoto. Sosthene alipata miezi sita, kwa ajili ya mnyororo.

Wafungwa wa gereza la mji walifagia mitaa. Februari, karibu na sherehe za Kanivali, kikosi cha Sosthene kilipelekwa Mtaa wa Canal kusafisha njia ya maandamano, mafagio marefu mikononi, mnyapara nyuma yao na fimbo. Ilikuwa saa nne asubuhi, baridi kavu. Duka la muziki lilikuwa limefungua milango, na pembe la santuri limegeuziwa nje ili wapita njia wasikie kilichoingia.

Ilikuwa Lizi, lakini mpya. Ilianza polepole. Hakukuwa na ng'ombe wala jogoo, wala mtu aliyeimba. Ilipanda mara mbili, ikasita, ikashuka. Kisha zikaja noti tatu za chini, zikizunguka, zikitafuta. Watu walisimama njiani na vifurushi vyao. Bibi mmoja wa kizungu alitoa leso.

Mfungwa aliyekuwa kando ya Sosthene, jamaa mgeni kutoka mashamba ya miwa, aliacha kufagia akasikiliza kinywa wazi.

"Ni nani huyu?" akauliza.

"Kreider," mwingine akamjibu. "Wanasema hiki kipande cha mwisho ndicho kikubwa kuliko vyote alivyotunga."

"Basi huyo mtu alifiwa," yule wa mashambani alisema. "Mzungu au nani, huyo alifiwa na mke."

Sosthene akafungua mdomo. Kilichotoka kati ya fizi kilikuwa hewa na mate, jamaa akamwinamia, "Unasemaje, mzee?", akasubiri, asielewe, akarudi kwenye ufagio wake.

Mnyapara naye alikuwa anasikiliza, kichwa kakiweka upande. Ulimpendeza. Akagonga fimbo kwenye mawe ya njia, mara moja, mara mbili, mpaka ikalingana na santuri.

"Hivyohivyo," akasema. "Fuateni hiyo. Pamoja."

Mafagio yakaanguka pamoja, yakavutwa pamoja. Sosthene alijaribu kuwahi, akajaribu kuchelewa, apige hata mara moja nje ya mapigo. Mikono ilikataa. Sauti ilipofika pale pa kusita, kikosi kizima kilikosea, kila mtu akashusha ufagio kabla ya wakati, isipokuwa yeye.

"Mtazameni yule mzee," mnyapara akawaambia wafungwa wengine, akimnyooshea fimbo. "Huyo ndiye anayeusikia muziki. Mfuateni yeye."

Wakamfuata.